Mdogo wangu, kabla hujaukataa ukocha nikwambie habari za Roy Francis

Mdogo wangu,

Juzi kwa simu ulisema ukocha ni kazi ya mtu aliyekwisha, ati ukikubali kuwafundisha raga wale vijana watu watasema miguu imekukatalia. Sikukujibu pale pale maana jibu langu ni refu, tena nataka hata wenzako walisome, ndio maana naliweka hapa wazi.

Roy Francis, mchezaji wa raga aliyekuja kuwa kocha, alizaliwa Cardiff, Wales, mwaka 1919, akalelewa na watu wengine huko Brynmawr, mtoto mweusi kwenye mji wa wachimba makaa. Enzi hizo raga ya union, hii ya wachezaji 15 unayocheza wewe, ilikuwa mwiko kulipwa hata senti. Kaskazini mwa Uingereza klabu zilishajitenga tangu 1895, pale Huddersfield, kwa sababu vibarua wa migodini na viwandani wakienda kucheza Jumamosi walikosa mshahara wa siku na wakubwa wa mchezo walikataa wafidiwe. Hapo ndipo ilipozaliwa raga ya ligi, na baadaye wachezaji wakapunguzwa wakawa 13. Sasa kijana wa Wales akivuka kwenda kaskazini kulipwa, union wanamfungia mlango moja kwa moja, harudi tena. Roy alivuka 1936 akiwa na miaka 17 tu, akasaini klabu ya Wigan, akicheza winga, yaani pembeni ya uwanja.

Wigan hawakukaa naye sana, akaenda Barrow, halafu vita vikaingia na jeshini akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mimi naamini ukocha wake ulianzia hapo, kwa sababu ukiangalia mambo aliyokuja kufanya baadaye unaona kabisa huyu mtu alishakaa akafikiria mwili wa mchezaji unajengwaje.

Mwaka 1946 timu ya Uingereza inasafiri kwenda Australia, Roy anafunga trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kila uchao, lakini anaachwa nyumbani. Sababu ilikuwa rangi yake. Australia ilikuwa na sera ya kuzuia watu wasio weupe na hao wakubwa wa Uingereza hawakutaka kuwaudhi wenyeji wao. 1947 wakamwita dhidi ya New Zealand, akafunga trai 2, na hawakumwita tena maisha yake yote. Kwa jumla alifunga trai 229 katika mechi 356, we fikiria mwenyewe, mtu wa namba hizo anaishia na mechi moja tu ya timu ya Uingereza!

Sasa sikiliza hapa. 1949 alienda klabu ya Hull, na miaka ya mwanzo ya hamsini wakampa timu aifundishe huku bado anavaa jezi na kucheza, mpaka alipostaafu 1955. Hakusubiri aishe. 1956 wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Halifax 10-9, wakarudia 1958, na anahesabiwa kuwa kocha wa kwanza mweusi wa timu ya kulipwa Uingereza.

Alikuwa anawaonyesha wachezaji filamu za mechi, anachunguza kichwa cha kila mmoja kinafanya kazi vipi, nani wa kubembelezwa na nani wa kukemewa, wakati makocha wengi walikuwa wanakimbiza watu uwanja mzima basi. Lakini kinachonigusa zaidi ni familia. Alihakikisha wake za wachezaji wana usafiri wa kwenda mechi za ugenini, na mchezaji mgeni mjini alisaidiwa yeye na watu wake wapate pa kukaa. Alijua mtu hawezi kukupigania uwanjani kama nyumbani kwake hakujatulia.

1963 akahamia klabu ya Leeds na 1968 wakafika fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la raga ya ligi, uwanja wa Wembley, mvua imenyesha mpaka uwanja umekuwa bwawa. Leeds 11, Wakefield Trinity 7, dakika ya mwisho kabisa Wakefield wanafunga trai, wanafika 10, na Don Fox wao anakuja kupiga mkwaju wa pointi 2 za nyongeza mbele ya milingoti kabisa, mkwaju ambao hata wewe usingekosa. Akateleza, mpira ukaenda pembeni. Kombe likawa la Roy.

Halafu akaenda Sydney, Australia, kuwafundisha North Sydney, nchi ile ile aliyonyimwa safari yake 1946. Haikumwendea vizuri, ubaguzi aliukuta huko pia, akarudi, na 1975 akawapa Leeds kombe la Premiership. Alifariki 1989, na leo sanamu yake iko Brynmawr.

Kwa hio wale vijana wapigie simu leo, usingoje msimu uishe. Na yule winga mdogo uliyesema ameacha kuja mazoezi, umeshaenda kwao kumuona mamake?

Dadako.