Jicho la Fundi Wetu: Wito wa Harambee, Tandika

Ndugu majirani, na wote mliowahi kushonewa nguo na dada yetu, tunawasalimu.

Miaka miwili sasa jicho lake la kushoto linatokeza taratibu. Haliumi. Wengi wetu tulisema ni goita, akapimwa, siyo. Wengine wakanong'ona habari za husuda, na hayo tunaomba yaishe leo. Picha ya MRI imeonyesha uvimbe nyuma ya jicho. Unaitwa shwanoma, kwa sababu huota kutokana na seli zinazoifunika neva (mshipa wa fahamu), zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Mara nyingi hushika matawi ya neva inayoleta hisia kwenye paji la uso na kope, ndiyo maana ngozi ya juu ya nyusi yake imekufa ganzi. Ni ugonjwa adimu: katika uvimbe 100 wa tundu la jicho, huu ni mmoja au miwili hivi.

Siyo saratani, wala hausambai mwilini. Tunajua mtu akisikia hivyo hushusha pumzi na kufunga pochi. Msifunge. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, na uvimbe ukikua hulisukuma mbele na kuibana neva ya kuona. Neva hiyo ikibanwa mno, nuru iliyopotea huenda isirudi tena. Tayari dada yetu anaona sindano mbili palipo na moja. Anashona jicho moja likiwa limefunikwa kitambaa, na kazi za harusi amezikataa, yeye aliyetushonea sare za kikundi akasubiri malipo hadi tulipovunja kibubu.

Tiba ni upasuaji. Uvimbe huu ukitolewa wote, ni nadra kurudi.

Gharama, pamoja na dawa na nauli, ni shilingi 4,600,000. Kikundi kimekusanya 1,850,000. Zimebaki 2,750,000. Kadi za harusi hapa mtaani hatuzikwepi, na hii msiikwepe.

Kadi za mchango ziko kwa mweka hazina wetu. Harambee ni Jumapili, saa 9 alasiri, uwanjani nyuma ya soko. Hesabu yote itabandikwa ukutani, shilingi kwa shilingi. Asiye na fedha aje na khanga, mchele au kuku, tutavinadi papo hapo.