Mama alisema tumwache apumzike

Mpendwa Neema,

Habari za Dar na za masomo ya upasuaji wa ubongo? Huku Manyara tu wazima, mahindi yamefika magotini. Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, kwa sababu mambo ya juzi bado hayajanitoka moyoni.

Tuliletewa kijana wa bodaboda aliyegonga ng'ombe saa moja jioni, hana helmeti. Alifika anaongea vizuri, alama 15, yaani zote, kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, anamwuliza mama yake kama pikipiki imepona. Saa nne kichwa kikamzidi, akatapika, akalala. Mama yake akaniomba tumwache apumzike. Nilipomfunua jicho na kumulika tochi, mboni ya kulia ilikuwa imetanuka, haigutuki. Mshipa wa panjani ulikuwa umepasuka, damu inajaa kati ya fuvu na utando, inaukandamiza ubongo. Tukampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda rufaa. Alikata roho njiani, mimi namsukumia hewa kwa mkono.

Linaniuma kwa sababu ubongo wa mtu kama yule mara nyingi wenyewe ni mzima. Ukitoboa fuvu mapema damu ikatoka, huamka akaomba chai. Tunao pia watoto wanaoanguka mwembeni, waliopigwa fimbo vilabuni, na wazee walioteleza wiki kadhaa nyuma, nyumbani wanasema babu kachanganyikiwa na uzee, kumbe damu inavuja taratibu. Hao wazee angalau wanasubiri safari ya CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa. Yule kijana hakuwa na saa mbili.

Na linawezekana, Neema. Hapo hospitali ya Haydom, mkoa huu huu, mwaka 2006 Dilan Ellegala, bingwa wa ubongo kutoka Marekani, alimfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kufungua fuvu, naye Mayegga akaja kuwafundisha wengine. Mimi na wewe tulifundishwa kushona tumbo usiku wa manane. Kwa nini kichwa kiwe cha mjini tu?

Likizo yako ya Pasaka nipe wiki mbili. Njoo utufundishe kutoboa fuvu, mimi na wenzangu wawili wa chumba cha upasuaji. Mganga mfawidhi amekubali. Drili ya mkono ya kutobolea fuvu hatuna, niulizie bei huko, tutachangishana. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, ndipo ratiba ya zamu inapopangwa.

Mama anakusalimu sana.

Wako,
Eliya