Kuchambua mwanga kama omena

Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, na mvua ya jioni imerudi. Mama yako nilimwona sokoni Jumapili. Anasema mguu umepoa, usihangaike.

Uliniuliza: ikiwa miale ya gama, ule mwanga wa nishati kubwa mno utokao angani, haifiki ardhini, darubini za H.E.S.S. kule Namibia zinatazama nini? Mwale ukigonga hewa ya juu huzaa mvua ya chembe, nazo hukimbia kuliko mwanga wenyewe unavyokwenda ndani ya hewa. Hapo hutoka mmweko wa buluu wa Cherenkov. Hudumu nanosekunde chache tu, lakini humwagika chini kwenye duara la upana wa karibu mita 250, na darubini iliyo humo huunasa.

Kazi ni kuutenga. Protoni, chembe nyingine zitokazo angani, nazo huleta mmweko kama huo, na kwa kila mwale wa gama huja maelfu ya protoni. Juzi nilikaa Dunga nikimtazama shangazi akichambua omena juu ya wavu. Vidole vilitembea vyenyewe: changarawe huku, fulu huku, omena kule. Anajua umbo. Picha ya gama nayo ni nyembamba kama omena. Ya protoni imetawanyika, ina mabonge. Mwanafizikia Michael Hillas alionyesha mwaka 1985 jinsi ya kupima urefu na upana wa picha hizo, na mwaka 1989 darubini ya Whipple kule Arizona ikatumia njia hiyo kuthibitisha miale ya gama kutoka Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka. Siku hizi kompyuta hufundishwa uchambuzi huo kwa picha za kuigiza, na darubini kadhaa hutazama mmweko mmoja kwa pamoja ili kujua ulikotoka.

Wewe ulidhani dawa ni kioo kikubwa. Kinasaidia kweli: darubini ya tano ya Namibia, ya mwaka 2012, ina kioo cha mita 28 na hunasa miale dhaifu zaidi. Mimi naona hewa ndiyo yenye kazi iliyobaki. Unakumbuka miwa ya Muhoroni ikichomwa, majivu yanavyotua kwenye nguo kambani? Moshi kama huo ukitanda angani humeza sehemu ya mmweko, picha inafifia, na kompyuta inadhani mwale ulikuwa na nishati ndogo. Ndiyo maana wanasayansi hurusha leza juu usiku kupima hewa. Vumbi la kwenye vioo nalo hupimwa kwa myuoni, chembe itokayo kwenye mvua hizo za chembe: ikipita karibu huacha pete ya mwanga, na kwa kuwa mwanga wa pete hiyo unaweza kukokotolewa, upungufu wowote ni wa kioo na kamera. Nilipoielewa hiyo nilisimama nikazunguka chumba.

Sasa nina ombi. Niandikie programu ndogo ya kupima urefu na upana wa doa la mwanga, niwape wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne picha wachambue wenyewe. Ije nawe Desemba. Omena wako nitamwanika mapema.

Wako daima,
Mwalimu wa Kisumu