Tatu, usimlipe kwanza

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Shoga yangu Tatu,

Salaam nyingi. Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu, umwambie asali ya Tabora ilifika salama na watoto wameimaliza hata wiki haijaisha. Ujumbe wako niliusoma nikiwa zamu ya usiku, nikaurudia asubuhi, na tangu hapo sina raha. Shilingi milioni nne, Tatu! Eti umpe wakala akutafutie pointi za kuhamia Kanada. Nakuomba usimpe hata shilingi moja kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Pointi hatafutiwi mtu. Zinatokana na mambo yako mwenyewe: umri wako, shule uliyosoma, kazi uliyofanya, lugha unazozijua. Na kujaza wasifu kwenye Express Entry, ule mfumo wa serikali ya Kanada wa kuchagua wahamiaji, ni bure. Mimi nililipa. Unakumbuka mwaka niliouza cherehani ya marehemu bibi? Ile hela ilikwenda kwa wakala. Akanipigia simu, "dada, umepita." Sikuwa nimepita. Mlango wa kwanza wa wafanyakazi wenye ujuzi unataka pointi 67 kati ya 100, mimi nilikuwa na 66. Nilikuja kuzihesabu mwenyewe miezi kadhaa baadaye, kwa kalamu, nyuma ya kalenda ya ukutani, mara tatu, nikidhani nimekosea kujumlisha. Nililia siku ile.

Basi leo nimekuhesabia wewe. Una miaka 30, umri unakupa 12 zote. Shahada 21. Miaka mitano ya uuguzi wodini 13. Kiingereza chako, ile 6 uliyopata kila kipengele kwenye mtihani wa IELTS, kinakupa 16. Jumla 62. Hata mlangoni hufiki, mdogo wangu, na milioni nne haiongezi hata moja hapo. Tena 67 ni kuingia tu. Ukishaingia unapangwa upya kwa hesabu nyingine yenye jumla ya 1,200, nao wanaita watu kuanzia wa juu kushuka chini. Kwenye hesabu hiyo umri wako leo ni pointi 105. Ukitimiza 31 zinabaki 99, na zinaendelea kupungua mwaka hadi mwaka.

Umri haurudi nyuma. Shahada nyingine ni miaka na ada. Kilichobaki mikononi mwako ni lugha, na huko ndiko kwenye pointi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukikipandisha Kiingereza hadi 7 kwenye kusoma, kuandika na kuongea, na 8 kwenye kusikiliza, hesabu yako ya pili inatoka 331 inafika 424. Pointi 93 kwa mtihani mmoja! Ni kwa sababu lugha ikiwa juu, shahada na uzoefu wa kazi navyo vinapanda thamani. Hapo kwenye kusikiliza jiandae hasa, maana sauti inapigwa mara moja tu, hairudiwi. Mimi niliganda kwenye namba moja ya simu, nilipozinduka maswali mawili yalishapita.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikae niandike badala ya kukupigia. Tangu 2023 Kanada wana wito maalumu kwa wanaojua Kifaransa. Machi 2025 waliita kundi hilo kwa pointi 379 za ile hesabu ya pili, wakati mwaka huohuo baadhi ya makundi mengine yalikuwa yanadai zaidi ya 500. Tatu, mimi naishi Kigoma! Kifaransa kinashuka kwenye boti kila wiki hapa Kibirizi. Tangu niolewe huku nakisikia sokoni, kumbe sikuwahi kufikiria kuwa ni mali.

Kuna mama wa Kikongo, anatoka Kalemie, anauza vitenge. Wote tunamwita Mama Neema. Jioni nikitoka kazini nakaa naye kwenye mkeka, anakunja vitenge huku ananiuliza maswali kwa Kifaransa, na nikimjibu kwa Kiswahili anajifanya hajasikia. Wiki iliyopita tulikwama kwenye sabini. Yeye anasema "septante", ndivyo walivyofundishwa Kongo, kama Wabelgiji. Kwenye rekodi za mazoezi, Mfaransa anasema "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Nikamwekea ile rekodi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema hawa watu wanapenda kujitesa, kisha akanihesabisha namna zote mbili kuanzia 70 hadi 99, kipande cha kitenge kwa kila namba, mpaka rundo likaisha.

Wanachotaka ni Kifaransa cha ngazi ya saba kwa vipimo vya Kanada kwenye vipengele vyote vinne, karibu sawa na ngazi ya B2 ya vipimo vya Ulaya, kwa mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada. Si wiki mbili hizo, ni zaidi ya mwaka wa kukaa chini kweli. Lakini ukifika, na Kiingereza chako kikapanda kidogo tu, 7.5 kusikiliza na 6.5 kwingine, mlangoni unakuwa na 70 na ndani una 417 kwa umri wako wa leo, na hata miaka ikikula pointi kumi na kitu, bado unaizidi ile 379.

Mengine nayataja haraka. Majibu ya lugha yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani wakati vyeti vyako havijakaa sawa. Lile jina lako lenye herufi moja tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne na pasipoti lirekebishe kwanza. Fedha ya kuonyesha benki inazidi dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja, nayo isiwe ya kukopa, kwa hiyo usiwaze kikoba. Halafu viza haikupi ruhusa ya kushika sindano. Uuguzi unasajiliwa na kila jimbo kivyake, na karibu kote kuna NCLEX, mtihani wa leseni ya wauguzi. Yule wakala amekutajia hata moja kati ya haya?

Likizo yako ikifika panda treni uje. Mama Neema amekubali mwanafunzi wa pili. Hataki hela, anataka tumwandikie daftari lake la mauzo, maana wateja wa mkopo wanamzungusha na yeye kila kitu anakiweka kichwani. Mkeka upo, dagaa wapo, mawese nimekuwekea chupa mbili. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku uliyosema anakuja kuchukua hela.

Wako akupendaye,
Mwajuma