Barua kwa kampuni iliyoniuzia friji: uniti 0.6 mlizoniahidi ziko wapi?

Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.
10 Aprili 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FRIJI LINALOKULA UMEME KARIBU MARA TATU YA MLIVYOTANGAZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 14 Desemba 2024 nilinunua friji la milango miwili kwenye duka lenu la Kariakoo kwa shilingi 820,000 taslimu. Nakala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeiambatisha. Sikulichagua kwa rangi wala kwa ukubwa. Kilichonivuta ni ile karatasi ya njano mliyoibandika mlangoni: UNITI 0.6 TU KWA SIKU. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama ni kweli. Akacheka, akasema, "Dada, hili utasahau kama liko kwenye umeme."

Sijasahau hata siku moja.

Nyumba yangu ilikuwa tarifu 4, ile ya watumiaji wadogo. Huko uniti 75 za mwezi ni shilingi 9,150 pamoja na kodi na tozo, yaani 122 kwa uniti. Ukizivuka, ya 76 unainunua kwa 427. Kwa hiyo sisi wa tarifu 4 tunaishi kwa mahesabu: pasi mara moja kwa wiki, feni inazimwa watoto wakishalala. Kabla ya friji tulikuwa tunatumia uniti 48 hivi kwa mwezi. Nikajumlisha 18 zenu, yaani 0.6 mara siku 30, nikapata 66. Inatosha, na chenji inabaki. Hesabu hiyo niliipiga palepale dukani, nyuma ya bahasha, ndipo nikatoa hela.

Januari tulifika 96, Februari 99. Machi nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi, ikakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, zikaja uniti 23 na nukta. Nikadhani nimekosea namba ya mita. Kumbe kwa kuvuka zile 75 nimeshahamishiwa tarifu 1, ya watumiaji wa kawaida, ambako uniti ni 292 kabla ya kodi na 356 baada yake, kuanzia ile ya kwanza kabisa. Shirika la umeme sina ugomvi nalo, bei zao zinajulikana. Ila kwa matumizi haya nyumba inakula elfu 35 kwa mwezi, wakati kwa namba yenu ningelipa elfu 8.

Nilipopiga simu nikaambiwa watoto wanafungua mlango ovyo. Nakiri, wiki mbili za mwanzo tuligandisha barafu za ubuyu za kuuza, na mlango haukupumzika. Tukaacha. Uniti hazikushuka.

Ndipo nikaamua kupima mwenyewe. Ijumaa moja ya Machi tulikwenda Kibaha kwa bibi, nyumba nzima. Nilichomoa kila kitu nikaacha friji peke yake, namba ya ubaridi nikiwa nimeishusha hadi 2. Saa 1 usiku mita ilisoma 41.3. Kesho yake tuliporudi, saa 1 usiku, ilisoma 39.6. Uniti 1.7, na mlango haukuguswa na mtu.

Usiku huohuo sikuridhika, vitu vingine vikiwa bado vimechomolewa nikatoka kibarazani na simu mkononi kuhesabu kile kitaa chekundu cha mita. Kwenye mita yangu kikimeta mara 1,000 ni uniti moja. Ndani ya dakika kumi kilimeta mara 12. Nikarudia saa 9 usiku, watu wote wamelala, joto limepungua: 12 tena. Maana yake kompresa haipumziki. Kwa kawaida friji linapofikia ubaridi wake hunyamaza, likaanza tena baadaye. Hili langu linanguruma tangu jioni hadi jioni.

Fundi wenu alikuja tarehe 22 Machi, na namshukuru kwa adabu yake. Alibana noti ya elfu moja kwenye mpira wa mlango pande zote, kila akiivuta inagoma kutoka. Mpira mzima. Gesi akasema ipo. Kisha akainama nyuma, akamulika kibati chenye maelezo, akanionyesha herufi moja: N. Akanieleza kwamba friji la N limetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 32. La T linavumilia hadi 43. Nikachukua kitabu cha maelekezo, na kweli, ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ya kumtafuta sisimizi, imeandikwa kuwa hizo 0.6 zilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25.

Ndugu Meneja, Februari ya Dar es Salaam inafika 32 kivulini. Jiko langu lina bati juu bila dari. Nyuzi 25 tunazipata usiku, si mchana wa jua. Friji halina kosa, limepelekwa kusikolifaa. Mliokosea ni ninyi, mlioagiza friji za N mkazileta pwani, kisha mkachukua namba ya maabara mkaiandika kwa herufi za kiganja bila kusema ilipatikanaje. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na hapo mimi nilipotoshwa.

Naomba mnibadilishie friji hili kwa la daraja T lenye ukubwa uleule, au mnirudishie 820,000 yangu. Naomba pia mnifidie umeme uliozidi kuanzia Januari, kwa hesabu niliyoambatisha pamoja na risiti zote za LUKU. Na ile karatasi ya njano iondolewe. Jumamosi iliyopita nilipita dukani, bado ipo, na kijana mmoja alikuwa anaipiga picha amtumie mkewe.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani.

Mkileta gari, njooni Jumamosi, nipo nyumbani kutwa. Friji litakuwa limeshatolewa vitu na kukaushwa.

Mteja wenu,
(jina, sahihi na namba ya simu vipo kwenye nakala ya risiti)