Ile chupa kwenye picha

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwenu.

Dada ameniambia ile picha niliyotuma kutoka Glasgow imekukosesha usingizi. Chupa niliyoshika si pombe, Mama. Ni soda, inaitwa Irn-Bru. Hilo "Bru" hata wenyewe liliwasumbua: ilianza kuuzwa 1901 kwa jina la Iron Brew, na mwaka 1946 wakabadili tahajia, maana "brew" kwa Kiingereza ni kupika kama bia, nayo haipikwi hivyo.

Nimeijulia kwa mama mmoja jirani. Siku ya kwanza aliniuliza kama nitakunywa "ginger". Nikachangamka, nikajua leo napata tangawizi. Kumbe watu wa Glasgow soda yoyote huiita ginger! Akanimiminia kitu cha rangi ya chungwa iliyokolea, kama kutu inayong'aa, povu likapanda na kuzimika mara moja. Harufu ni ya bigijii. Ladha ndiyo nimeshindwa kuieleza hadi leo: utamu unatangulia, kisha kwa nyuma unabaki uchungu mdogo pembeni mwa ulimi. Nikasoma lebo nikakuta kwinini, ile ile ya malaria, ila ni kidogo mno. Chuma nacho, hicho cha "Iron", kimo kweli: chumvi ya chuma, asilimia 0.002 tu ya kinywaji. Usije ukamwambia shangazi kwamba inaongeza damu.

Inataka baridi kali. Baridi ikishaisha, basi tena, unakunywa dawa ya kikohozi.

Ugomvi wao mkubwa hapa Uskoti ni sukari. Mwanzoni mwa 2018, kodi ya vinywaji vyenye sukari ikiwa mlangoni, kiwanda kiliipunguza kutoka gramu 10.3 hadi 4.7 kwa kila mililita 100. Watu walinunua za zamani kwa makreti wakaenda kuzificha. Jirani anaapa kwamba bado anayo moja chini ya kitanda, anaisubirisha harusi ya mjukuu. Mimi niliyekuja juzi naiona hii hii tamu, lakini mbele yake silisemi hilo.

Nimeibandua lebo ya chupa yangu kwa maji ya moto, imechanika kidogo pembeni, nimeitia humu ndani ya bahasha. Mpe Baba avae miwani akusomee mstari kwa mstari. Akikuta neno pombe, nipigieni simu.

Mwanao