Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watafiti wa Vimelea

Ndugu wanachama,

Mihadhara minne, mafunzo ya hadubini na toleo la jarida vilifanyika kama mlivyoarifiwa. Sitavirudia. Namshukuru katibu na mhazini.

Nieleze uamuzi uliozua maneno: jarida letu halitapokea neno "apoptosisi", yaani seli kujiua yenyewe kwa utaratibu, kwa vimelea vya seli moja bila ushahidi wa njia yenyewe ya kifo. Wapo waliosema mwenyekiti amejitwalia mamlaka. Si kweli. Kamati ilipiga kura. Rasimu niliiandika mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza.

Neno hilo walilitoa Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972 wakichunguza tishu za wanyama, ambako kifo hicho huendeshwa na vimeng'enya viitwavyo kaspesi. Leishmania na Trypanosoma, vimelea vya seli moja, hawana kaspesi. Wana metakaspesi, jamaa wa mbali wa kaspesi, ambazo hukata protini baada ya asidi amino za arjinini au lisini, ilhali kaspesi hukata baada ya asidi ya aspati. Kimelea kung'aa kijani kwa rangi ya kuonyesha DNA iliyokatika hakutoshi. Hata seli iliyokufa kwa nekrosisi, yaani kifo cha kuharibika ambapo utando hupasuka, huweza kung'aa vilevile. Picha za makala moja nilizikagua mwenyewe, usiku wa manane: utando ulikuwa umeshapasuka, na chini yake imeandikwa "apoptosisi". Ningeipitishaje?

Kwa seli za mwenyeji, yaani kiumbe anayebeba kimelea, neno linabaki, na hapo ndipo penye utamu wa fani yetu. Kimelea Toxoplasma huizuia seli aliyojificha ndani yake isijiue. Leishmania major huweza kuingia kwenye makrofaji, seli ya kinga inayomeza mabaki, akiwa ndani ya nyutrofili, seli nyingine ya kinga, inayokufa, na kwa kuwa mabaki ya apoptosisi humezwa kimyakimya, kinga haishtuki. Tukiita kila kifo apoptosisi, hila hizi tutazionaje?

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Mkutano wa kujadili jambo hili tuliuitisha mara mbili. Wa kwanza akidi haikutimia. Wa pili walikuja 11 kati ya wanachama 64. Ada wamelipa 23. Wengi wa waliolalamika hawamo katika orodha ya mahudhurio wala katika daftari la mhazini, na nasema hivi kwa uchungu, maana milango ilikuwa wazi.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, warsha ya piroptosisi, kifo cha seli kinachochochea uvimbe, na pengine ushirikiano na vyama vingine.

Mwongozo wa matumizi ya neno hilo uko kwa katibu. Mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi.

Mwenyekiti